Mvua ya Dakika ya Kwanza

Filamu fupi hufa mapema. Yangu ya kwanza naweza kuonyesha hata mahali ilipofia: benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha, ambapo mama mmoja aliinuka, akakung'uta kitenge chake, akauliza kwa sauti iliyofika kila kona ya ukumbi, "Mwenye diploma, hii filme itaanza saa ngapi?"

Filamu ilikuwa imeanza. Ilikuwa imekwenda dakika mbili na nusu.

Watu walicheka. Aliyecheka aliinuka, na aliyeinuka akatoka. Nilisimama nyuma ya projekta nikiona mlango unafunguka na kufungwa, kila mara mwanga wa mchana ukiingia na kufuta picha kwenye shuka letu jeupe, mpaka nikabaki na wanafunzi wangu, na wazee wa kamati waliokaa kwa heshima tu, na mlevi mmoja aliyelala.

Waliniita mwenye diploma kwa sababu nilijitambulisha hivyo tangu siku nilipofika mji wa Baraka, na sioni cha kuomba radhi. Wazazi wangu walivuka ziwa wakikimbia vita nikiwa mgongoni. Nilikulia kambini, upande wa Kigoma. Nilifyatua matofali, nikapiga picha za vitambulisho kwa kamera ya kuazima, nikarekodi harusi za watu ambao hawakunipa hata kiti, na kwa njia hiyo nikafika chuo Dar es Salaam na kumaliza diploma ya utengenezaji wa filamu. Sikubebwa na mtu. Darasani nilitoka wa pili, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa na kompyuta yake nyumbani. Mimi nilikuwa nahariri kwa zamu, saa mbili kwa juma. Kisha nikarudi. Wenzangu wengi wa kambini walikuwa wanatafuta njia ya kwenda mbali zaidi. Mimi nilirudi Fizi, kwetu, ng'ambo ya ziwa, na kamera ndiyo ikawa mgongoni.

Nilifikia kwa dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya hapa namwita yaya. Alirudi miaka mingi kabla yangu. Anaanika na kuuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mikono yake inang'aa magamba hata siku ya ibada. Diploma niliitundika sebuleni kwake, ndani ya plastiki mbili ili isishike harufu.

"Hii karatasi inavalaka muzuri kunipita," alisema.

Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na darasa la watu kumi na mmoja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo mtaani kwetu, na nilihakikisha kila mtu anajua. Ukumbi ulikuwa wa mtaa: jengo la matofali lenye paa la mabati, linaloangalia mchanga ambako wanawake huanika samaki. Kamati ilinipa bure, kwa sharti moja tu, kwamba mwisho wa mafunzo tuonyeshe kitu ambacho watu watakaa kukitazama. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wote tunamwita Papa Prezida. Ana baiskeli nyeusi, na ana daftari la vikao ambalo hapa huitwa PV. Neno likishaingia kwenye PV ya Papa Prezida, halitoki tena.

Sasa niseme nilichokiweka katika zile dakika mbili na nusu. Kwanza jua linachomoza ziwani, polepole. Niliamka alfajiri mara sita ili kulipata. Juu yake jina langu, kwa herufi kubwa, na chini ya jina neno Mkurugenzi, na chini yake cheti changu kwa kirefu. Halafu shukrani: kwa chifu, kwa kamati, kwa padri, kwa wachungaji wa makanisa matatu, kwa daktari, kwa wazazi wa wanafunzi. Halafu milima. Halafu jua tena.

Chuoni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari, kwamba mtazamaji hajali nani ametengeneza filamu mpaka amjali kwanza mtu aliye ndani yake. Niliijua sentensi hiyo kama ninavyojua jina langu. Lakini kwetu hakuna mkutano unaoanza bila kusalimia wakubwa, mmoja mmoja, kwa mpangilio wao, na ukimsahau mmoja umejitafutia adui wa miaka kumi. Nikaichukua filamu kama mkutano. Nikafikiri wakubwa wakishaona majina yao watanyamaza na kutazama. Walichofanya ni kutazama jina lao, kumgusa jirani, kisha kuanza mazungumzo.

Yaya alinipokea mlangoni siku ile akiwa amekunja mikono.

"Ile ziwa, ndugu yangu, tunaiamukia kila siku. Ungefungua tu dirisha, tungeiona bila kupoteza mazuti ya jenereta yako."

"Ni utambulisho wa mazingira, yaya. Ndivyo inavyofanywa."

"Iko nani asiyejua mazingira? Miye? Ama ule mama mwenye kutoka Lweba na beseni?" Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Kula kwanza."

Sikula.

Kamati ilikaa siku iliyofuata. Papa Prezida alinisimamisha mbele kama mtoto aliyesahau jedwali la saba. Alisema kuna kikundi cha washonaji kinachoomba ukumbi, kina mashine nane na wasichana wanaotaka kazi leo, siyo kesho. Alisema yeye binafsi hana neno na mimi. Kisha akamsomea katibu, taratibu, ili aandike: "Mwalimu wa filme anapewa siku kumi na ine. Ataonesha tena. Bantu bakitoka mbele ya mwisho, salle inaenda kwa bashonaji."

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Papa."

"Weka sinyature."

Nikaweka. Sahihi yangu ni nzuri, nilijifunza mwenyewe. Sijawahi kuichukia kama siku hiyo.

Wanaosema kwamba ukumbi ni ukumbi tu hawajawahi kurudi nyumbani. Bila ule ukumbi ningekuwa nani? Mwanamume mzima anayelala chumba cha nyuma kwa dada yake, mwenye kamera ya harusi na karatasi ndani ya plastiki. Nilikuwa nimewaambia wote walionicheka kambini kwamba nitafungua shule ya filamu ya kwanza Fizi. Nilikuwa nimekataa kazi Dar es Salaam kwa kiburi, mbele ya mashahidi. Wanafunzi walianza kuondoka wenyewe, mmoja mmoja, kila mmoja na ugonjwa wa shangazi yake. Siku ya tatu walibaki wanne. Nilikata mianzo saba tofauti ya filamu ileile, nikaitazama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja niliuona unakufa palepale, sekunde ya ishirini, ya thelathini. Asubuhi nilikwenda kukaa kwenye mchanga bila sababu yoyote. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu mwanzo wa filamu isipokuwa namna ya kuutengeneza.

Katika wanne waliobaki, wawili walikuwa wapole na hawakusema sana. Wa tatu alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye alisafirisha mihogo kutoka Lubondja asubuhi na kusoma filamu mchana. Wa nne alikuwa mama mkimbizi kutoka Burundi, mwenye umri kama wangu, anayelima shamba la watu na kutembea kutoka kambi ya wakimbizi iliyo nje ya mji hadi darasani na jembe begani. Aliweka jembe nyuma ya mlango kila siku, kama wengine wanavyoweka mwavuli.

Nikawauliza tuanze vipi. Nilikuwa nimefika mahali pa kuuliza.

"Masasi, Mwalimu," motari akasema, kidole amekinyoosha kama bunduki. "Giza kwanza, kisha pa! pa! pa! Hakuna muntu atapiga tena masolo na jirani."

"Hakuna, kweli," akasema yule mama. "Kwa sababu batakuwa bameshafika kwenu Lubondja, na mabenchi ku kichwa."

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Kila mtu mle ndani alikuwa amewahi kukimbia sauti ile. Nikasema risasi hapana, hatutatumia sauti ya kuwafanya watu wakimbie. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nakumbuka hata mahali niliposimama.

Yule mama akaendelea. "Mwalimu, habari ya nguvu inaingiaka namna gani mu nyumba?"

"Sijui. Sema."

"Muntu mwenye iko na habari ya bure, anatua beseni, anaikala, anaomba mayi, anauliza batoto. Kisha njo anaanza. Lakini mwenye iko na habari ya kweli, anasimama ku mulango na beseni ingali ku kichwa. Haitue. Ukimuona vile tu, we mwenyewe unasimama, na hajasema kitu."

Nilikuwa na diploma, na yeye alikuwa na madarasa sita. Nikajifanya natafuta kebo.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa uani kwa yaya nikimenya muhogo. Akaingia kutoka ziwani. Beseni lilikuwa kichwani, maji ya samaki yakimtiririka hadi kwenye nyusi, na hakulitua. Alisimama pale langoni. Kisu kilinitoka mkononi na nikajikuta nimesimama, kabla hajafungua mdomo.

"Bashonaji bamekuya na kamba," akasema. "Banapima salle yako, bajue mashine zitaikala wapi."

Ndipo akatua beseni.

Nilikwenda kambini kwa miguu siku hiyohiyo kumtafuta yule mama. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimwambia amesema kweli, na kwamba tutaanza filamu na beseni kichwani. Si rahisi kwangu kusema maneno kama hayo, na nilipenda aone kwamba si rahisi. Aliniangalia kidogo, akasema, "Basi saidia maharage," nikakaa.

Hadithi tuliyoitengeneza ilikuwa hii, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoziona chuoni. Mama mmoja ameanika ndakala zake zote kwenye mchanga. Mtoto wake anawaka homa, amempeleka kituo cha afya, na yuko kwenye mstari tangu alfajiri. Wamebaki watu watatu mbele yake. Mvua inaanza. Akitoka mstarini, nafasi yake imekwenda na mtoto atalala na homa. Akibaki, samaki wanaoza, na ndiyo chakula cha nyumba yake. Basi. Kila mtu hapa anajua ndakala wakinyeshewa huwa nini. Huhitaji kumweleza, na kama huhitaji kumweleza, unaweza kuanza katikati.

Mama wa kuigiza tulimpata kwa motari: mwanamke wa Lubondja aliyeleta mihogo sokoni, mwenye uso ambao huwezi kuuacha. Tulipiga picha kwa siku tatu, kisha akapanda pikipiki akarudi kwao. Waliocheza mstarini walijua vipande vyao tu. Mwisho tuliujua sisi watano na yeye.

Mwanzo tuliupanga hivi. Hakuna jina langu. Hakuna chifu, padri wala jua. Shuka jeusi, na tone moja kwenye bati. Tone la pili. Kisha matatu, manne, na uso wa yule mama unatokea, mtoto mgongoni, macho yanapanda taratibu kuelekea paa. Hasemi neno. Mbele yake mtu anaitwa, mstari unasogea hatua moja, na yeye hasogei.

Sauti ya mvua niliifanya mimi, na kwa hilo nitajisifu mpaka nizeeke. Wengine wangechukua mvua yoyote. Mimi nilisubiri mvua ya kweli ya alasiri, nikaingia na wanafunzi katika ukumbi uleule, nikafunga maikrofoni kwa kilemba cha yaya ili upepo usiingie, nikarekodi lile bati lenyewe likipigwa. Kila bati lina sauti yake. Hili letu lina pembe moja iliyolegea inayolia kama sahani. Nikaipata hata hiyo. Kisha, siku ya maonyesho, nikapanda ngazi na kufunga spika mbili juu kabisa, kwenye mihimili, chini ya paa.

"Muzuri," yule mama wa Burundi alisema kutoka chini. "Itaanguka kutoka juu, kama yenyewe."

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Asubuhi kulikuwa na mawingu juu ya milima, lakini yakasogea, na wanawake wakaanika samaki wao kama kawaida, kwenye mchanga wote mbele ya ukumbi, fedha tupu hadi majini. Kisha wakaja ndani. Wengi walikuja kuniona naanguka mara ya pili, hilo nalijua, na sikuwalaumu. Tulifunga madirisha kwa mablanketi na vitenge. Grupu, yaani jenereta, lilinguruma nje, nyuma ya ukuta. Papa Prezida alikaa mbele, PV magotini. Yaya alikaa karibu na mlango, kwa sababu ya samaki. Yule mama wa benchi la tatu alikuwa benchi la tatu.

"Leo hausalimie hata bantu?" akaniuliza.

Sikusalimia. Nilizima taa.

Tone moja.

Nilisikia mtu anaacha kutafuna.

Tone la pili, kisha manne, na uso ukatoka gizani, na ukumbi ukanyamaza namna ambayo sijawahi kuisikia tangu nishike kamera. Si unyamavu wa adabu. Ulikuwa unyamavu wa watu waliosimama ndani ya miili yao huku wamekaa. Yule mama wa filamu alipoinua macho kutazama paa, watu mia na zaidi waliinua macho kutazama paa. Nilihesabu sekunde moyoni, kumi, ishirini, thelathini, na hakuna aliyegusa jirani. Nikasema kimoyomoyo, nimewapata. Mvua ikaongezeka. Ile pembe ya bati ikalia kama sahani.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndakala!"

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri. Hawakutoka kama mara ya kwanza, mmoja mmoja, wakikung'uta vitenge. Waliruka. Mabenchi yalianguka. Yaya alikuwa wa kwanza mlangoni, hakunitazama hata kidogo. Yule mama wa Burundi, ambaye alikuwa ameishika maikrofoni ile kwa mkono wake mwenyewe, alinipita mbio akisema, "Muhogo yangu, mama we, muhogo yangu iko ku jua!" Papa Prezida aliingiza PV ndani ya shati na kukimbia ameinama. Na mimi? Mimi niliyerekodi mvua ile, niliyeisafisha kwa siku mbili na kuifunga kwenye mihimili, nilifikiria grupu langu liko nje halijafunikwa, nikavuta turubai na kutoka mbio nikiwa wa mwisho. Mguu wangu ulinasa kwenye kitu. Nilisikia kishindo nyuma yangu na sikugeuka.

Nje kulikuwa na jua.

Wanawake walikuwa wameshafika mchangani, wamepiga magoti, wanakumba samaki kwa mikono miwili kutia kwenye vitenge na mabeseni. Kisha mmoja akasimama, akanyoosha kiganja. Mwingine akatazama mbingu. Nilikuwa nimelifunika grupu na nimeshika turubai pembe nne kama mtu anayefunika maiti, na jua linanichoma shingo. Ndani, kupitia mlango ulio wazi, mvua ilikuwa bado inanyesha.

Kicheko kilianza kwa yaya. Kikaenda mchanga mzima. Walicheka mpaka wakakaa juu ya samaki wao. "Mwenye diploma umetuua!" wakapiga kelele. "Umetulowesha bila mayi!" Mama wa benchi la tatu alikuja kunishika mkono, machozi yakimtoka, akasema, "Turudishe ndani. Turudishe, tuone ule mama anafanya nini."

Niliingia ndani mbio. Projekta ilikuwa chini, imelala ubavu. Kebo iliyoninasa ilikuwa yake. Niliiinua, nikaiwasha, spika bado zinanyesha, na shuka likabaki jeusi. Balbu ilikuwa imepasuka, na balbu ya aina ile haipatikani Baraka. Niliwasha tena. Niliwasha mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu aliyesoma. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri, na mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mashine, nikiibonyeza, na nikasikia sauti yangu ikisema tafadhali.

Papa Prezida alitoa PV ndani ya shati. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Bantu bametoka ao habakutoka?"

"Bametoka, Papa. Lakini hawakutoka kwa kuchoka. Wewe mwenyewe ulitoka."

"Miye nilitoka kwa kulinda PV."

"Papa, hii ni kinyume cha mara ya kwanza. Ni kinyume kabisa. Nakuomba."

Hakuwa mtu mbaya, na hakufurahi. Alimpa katibu daftari. "Andika," akasema. "Bametoka."

Washonaji waliingia Jumatatu. Ni wasichana wazuri, wananisalimia. Ukipita barabarani unasikia mashine nane zikienda pamoja, na chini ya bati lile zinatoa sauti ya mvua nyepesi, na sipendi kupita. Projekta iko chini ya kitanda. Motari amerudi kwenye mihogo saa zote. Wale wawili wapole sijawaona. Yule mama wa Burundi alipita siku moja kuchukua jembe lake, aliloliacha nyuma ya mlango wa ukumbi, akaliweka begani akaenda. Nilikonda. Yaya alianza kuniwekea chakula bila utani, jambo ambalo liliniogopesha kuliko utani wenyewe. Nilishusha diploma ukutani, nikaifuta, nikaitundika tena, kwa sababu sikujua pa kuiweka.

Lakini kuna jambo lililoanza wiki ile na halijaisha. Nikienda ziwani, mwanamke ananiuliza, "Alitoka ku mustari?" Sokoni, anayenipimia unga ananiuliza kabla ya kupima. Wanagombana wao kwa wao. Mmoja anasema mama mwenye akili anabaki, mtoto ni mtoto. Mwingine anasema huyo hajawahi kulea wanne, na wale watatu wa nyumbani watakula nini? Watu wameona dakika moja tu ya filamu yangu, na wameibeba kama beseni, hawaitui. Yaya ananiuliza kila siku. Ninakataa. Nimemwambia, kama nilivyowaambia wote, kwamba filamu haisimuliwi, inaonwa.

"Utaonesha wapi, mwenye diploma? Mu sufuria yangu?"

Nilikataa hata hivyo. Ni kitu pekee nilichobaki nacho.

Jana alasiri Papa Prezida alikuja. Nilikuwa uani peke yangu, yaya yuko mchangani. Niliona gurudumu la mbele la baiskeli langoni, kisha yeye. Nilisimama, nikamtolea kiti, nikakifuta. Hakukaa. Nikasema nilete maji. Hakutaka maji. Hakuuliza hali ya yaya, wala yangu, wala hakuegemeza baiskeli ukutani. Aliishika vilevile, mikono miwili kwenye usukani, mfuko wa PV begani.

"Sikai," alisema. Akatazama nyuma kama kuna anayesikiliza. "Niambie kitu moja tu. Ule mama. Alitoka, ao alibaki?"

Nilikishika kile kiti kwa mgongo wake.

"Jumamosi washonaji hawashoni, Papa," nikasema. "Fungua mlango wa ukumbi, utamwona mwenyewe."

Sikumwambia kuhusu balbu. Balbu ni kazi yangu. Kama ni kuvuka ziwa kuifuata, nimevuka lile ziwa kabla ya kujua kutembea.

"PV ni PV," alisema.

"Najua."

Alinitazama, akageuza baiskeli, akaisukuma hadi barabarani bila kuaga. Nilibaki nimeshika kiti. Alipanda, akakanyaga pedali mara mbili, tatu, akafika penye kona ya ukumbi. Pale akaweka mguu mmoja chini na kusimama. Alinipa mgongo, mfuko bado begani. Alikuwa anautazama mlango.

Sikumwita. Nilisimama uani na kiti mkononi, nikianza kuhesabu sekunde.